Kufua jezi ruksa, kupiga kura mwiko

Na Mwandishi Wetu, Iyula

SHANGAZI yangu anaweza kukwambia nani alicheza vizuri Jumamosi bila kukanyaga uwanjani. Anaangalia jezi tu. Ya kipa inarudi na udongo mwekundu viwikoni, ya beki aliyekesha akiteleza inarudi na udongo ubavu mzima, na ya mtu wa benchi inarudi kama ilivyokwenda.

Amezifua jezi za timu ya kijiji chetu kwa miaka isiyopungua 15. Sabuni yake, maji yake, mgongo wake. Udongo wa Mbozi si wa mchezo, anayeujua anaujua. Ukikaukia kwenye jezi nyeupe umeipoteza.

Lakini timu inapokaa kikao, chini ya mparachichi mkubwa, Jumapili baada ya ibada, shangazi hubeba mabenchi, huyapanga, huweka na meza ndogo ya katibu. Halafu anaondoka. Hakuna anayemfukuza. Miaka yote hiyo sijasikia hata mtu mmoja akimwambia, “Mama, hapa si pako.” Anaondoka tu, kama mtu anayetoka jikoni mvua ikianza ili aanue nguo.

Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa naona sawa. Nimekaa kwenye yale mabenchi.

Msimu huu wa kahawa nilikwenda Iyula kwa siku chache, na nilikuta timu iko kwenye kazi kubwa. Wanataka kusajiliwa. Wamechoka kuwa timu ya kombe la mbuzi, leo ipo kesho haipo. Wanataka klabu yenye cheti na akaunti ya benki, iingie ligi ya wilaya kihalali na siku moja ifike mbali. Wazee wa huku bado wanakumbuka Kimondo ya Mbozi ilivyocheza Ligi Daraja la Kwanza, na kila kijiji kinaamini cha kwake ndicho kitakachofuata.

Kusajiliwa kunataka katiba. Katibu wa timu, rika langu, tuliyecheza wote enzi hizo yeye namba tisa mimi nikizunguka zunguka katikati, alinikabidhi daftari.

“Wewe mtu wa magazeti, ninyooshee Kiswahili humo,” akasema.

Nikakaa kwa shangazi, kando ya kichanja, yeye akichambua kahawa, mimi nikisoma kwa sauti. Jina la klabu. Rangi za klabu. Malengo. Nikafika kipengele cha uanachama: mwanachama ni mchezaji wa timu, au mtu aliyewahi kuichezea timu, aliyelipa ada yake ya mwaka.

“Soma tena hapo, mwanangu.”

Nikasoma tena.

“Mimi niliwahi kucheza?”

“Hapana, Shangazi. Lakini haijasema wanawake hawatakiwi.”

“Ndiyo maana nimekwambia usome tena.”

Akaendelea kutupa kahawa mbovu pembeni. Nami nikalitazama lile daftari kama vile nililiona mara ya kwanza. Sentensi ile haina neno mwanamke wala neno mwanaume. Ni safi kama jezi ya mtu wa benchi. Na inawafungia nje wanawake wote wa kijiji, mmoja mmoja, bila kumtaja hata mmoja.

*Limuru walifika huko*

Msomaji anaweza kudhani haya ni mambo ya kijijini. Basi tutoke tupande hadi Limuru, nje kidogo ya Nairobi. Ni nchi ya baridi kama Iyula. Sisi tuna kahawa, wao wana chai hadi macho yanachoka. Huko kuna Limuru Country Club, klabu ya gofu ya watu wenye uwezo wao, magari yamepangwa nje kama maonyesho.

Wanawake hawakuzuiwa getini pale. Walikuwa wanachama, walilipa, walicheza. Nyasi zile zile, mashimo yale yale. Kilichokuwa kimefungwa ni kitu kingine: kanuni ndogo za klabu ziliweka uongozi wa mambo ya gofu mikononi mwa wanaume. Mwanamke apige mpira mpaka jua lizame, lakini nani aongoze gofu, hilo lilikuwa la wanaume.

Wanachama watatu wanawake wakaenda Mahakama Kuu ya Nairobi mwaka 2013. Klabu ikajitetea kwa hoja ambayo kila klabu duniani huanza nayo: sisi ni chama cha watu binafsi, haya ni mambo yetu ya ndani, aliyejiunga alizikuta kanuni.

Mwaka 2014 mahakama ikaikataa hoja hiyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema Sheria ya Haki inazibana taasisi za Serikali na inawabana watu wote pia. Ibara ya 27 inaikataza Serikali kubagua, kisha inageuka na kumkataza mtu yeyote kumbagua mwenzake, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka. Na “mtu” katika katiba hiyo ni pamoja na kampuni na chama. Klabu ya gofu imo. Kanuni zile zikaanguka.

Hayo maneno ya njia ya kuzunguka ndiyo yaliyonikaa kichwani nilipokuwa naangalia daftari la katibu. Limuru kanuni zilimtaja mwanamke waziwazi. Iyula tumezunguka mlima.

Kuna jambo lingine kuhusu klabu hizi za gofu na gymkhana katika Afrika Mashariki, ambalo wenyewe hupenda kulisahau wakishavaa fulana zenye nembo. Enzi za mkoloni, baba zetu na babu zetu waliingia humo wakiwa wapishi, wahudumu na makedi wa kubeba fimbo. Uanachama ulikuwa wa Mzungu. Na ulipouliza sababu, jibu lilikuwa lile lile: ni klabu binafsi, watu wana haki ya kuchagua wa kukaa naye. Leo ukimsikia Mwafrika mwenzako analitumia jibu hilo kwa mke wake, unatamani umkumbushe babu yake aliingia kwa mlango gani.

*Theluthi mbili*

Mwaka huo huo wa 2014, Septemba, wakubwa wa gofu wenyewe walipiga kura. Royal and Ancient Golf Club ya St Andrews, Uskoti, ilianzishwa mwaka 1754. Kwa miaka 260 haikuwa na mwanachama mwanamke. Asilimia 85 ya waliopiga kura wakasema wanawake waingie, na mwaka uliofuata wakaingizwa wa kwanza wakiwa wanachama wa heshima, akiwamo Annika Sörenstam, ambaye alikwishashinda mataji makubwa mpaka akatundika fimbo.

Marekani, Augusta National, nyumba ya mashindano ya Masters, walikuwa wametangulia miaka miwili. Agosti 2012 waliwaingiza wanawake wawili wa kwanza, mmoja wao Condoleezza Rice. Mama huyo alikuwa amekwishakuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, amezunguka dunia nzima akifunguliwa milango ya ikulu, na mlango wa klabu ya gofu ndio uliochelewa.

Ila somo lenyewe liko Muirfield, Uskoti. Mei 2016 wanachama walipiga kura, asilimia 64 wakakubali wanawake. Kwenye uchaguzi wa kawaida hapo ungeshaanza kupiga vigelegele. Katiba ya klabu ilitaka theluthi mbili. Hawakufika. Wengi walikubali, wachache wakashinda, kwa kitu kama pointi mbili na ushee.

Siku hiyo hiyo waandaaji wa The Open wakaiondoa Muirfield kwenye orodha ya viwanja vyao. Hakuna mashindano, hakuna televisheni, hakuna fedha. Machi 2017 wakarudia kura. Asilimia 80. Ajabu eh? Watu wale wale, miezi kumi tu, dhamiri zimelainika.

Mwaka 2022 uwanja huo ukaandaa The Open ya wanawake kwa mara ya kwanza, na aliyechukua kombe ni Mwafrika, Ashleigh Buhai wa Afrika Kusini, baada ya mashimo manne ya nyongeza giza likiingia.

Kriketi nao walipita njia hiyo hiyo. Rachael Heyhoe Flint alikuwa nahodha wa England iliyochukua Kombe la Dunia la wanawake mwaka 1973, miaka miwili kabla wanaume hawajawa na kombe lao. Alipoomba uanachama wa MCC, klabu yenye uwanja wa Lord's, ilibidi asubiri. Februari 1998 kura ikapigwa, zaidi ya nusu wakakubali, theluthi mbili haikufika. Septemba ikarudiwa, ikapita. Klabu hiyo ilikuwa na umri wa miaka 211.

Nimetaja theluthi mbili mara nyingi kwa sababu iko pia kwenye daftari la Iyula. Nitarudi huko.

*Kwetu mjini je?*

Nyumbani Tanzania mtu atasema sisi tumeshavuka. Na kuna kitu ndani yake. Simba ilimpa Barbara Gonzalez kiti cha mtendaji mkuu mwaka 2020, na mashabiki waliokuwa wakicheka walinyamaza. Jonesia Rukyaa alipuliza kipenga cha mechi ya watani Februari 2016, wanaume 22 wa Kariakoo wakimtazama mkononi kama atatoa kadi. Simba Queens walikwenda Morocco mwaka 2022 wakamaliza wa nne Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake. Twiga Stars walicheza fainali za Afrika za 2010 na zile zilizochezwa Julai 2025. Kwenye gofu, majina kama Madina Iddi wa Arusha yanajulikana nje ya mipaka.

(Na kwa wale wa Msimbazi wanaopenda historia: klabu yenu ilipozaliwa mwaka 1936 iliitwa Queens. Klabu ya wanaume, jina la kike, na hakuna aliyekufa.)

Lakini kucheza ni kitu kimoja, kuwa na sauti kwenye mkutano mkuu ni kingine. Zihesabu kamati za utendaji za vilabu vyetu vya ligi mwenyewe, ukianzia timu unayoishabikia. Hutahitaji vidole vingi. Halafu shuka wilayani, shuka kata, shuka hadi kwenye mparachichi. Huku chini vidole vinabaki vyote.

Sheria yetu nayo haijaenda mbali kama ya Kenya. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, inakataza ubaguzi, na mwaka 2000 neno jinsia liliongezwa kwenye sababu zinazokatazwa. Hata hivyo maneno yake yanamlenga hasa mtu au mamlaka inayotumia madaraka ya sheria au kufanya kazi ya Serikali. Klabu ya kijiji inaweza kujificha pembeni. Ndiyo maana mimi naona kazi haiko mahakamani. Iko kwenye daftari, kabla halijapigwa muhuri. Vyama vya michezo vinasajiliwa chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na katiba ndiyo inayopelekwa. Kikishaandikwa kikasajiliwa, kukibadilisha ni safari nyingine.

*Hoja ya kikoba*

Nilimpelekea katibu hoja ya shangazi. Alicheka kwanza, halafu akanuna, halafu akanipa jibu ambalo, niseme tu, lilinibana.

“Hawa akina mama wana vikoba vyao,” akasema. “Wanawake watupu. Wanakutana kila wiki, wanakopeshana, wanachekana huko. Kuna siku tumeomba kuingia? Kila mtu na chake, ndugu yangu.”

Si hoja ya kijinga. Watu wana haki ya kukaa na wenzao, na mimi sitaki dunia ambayo kila benchi lazima liwe na kila aina ya mtu. Nilitembea nayo hiyo hoja njia nzima mpaka nyumbani.

Kikoba ni fedha ya waliomo, inakopeshwa kwa waliomo. Mama mmoja anaweka, mama yule anachukua, anarudisha. Timu haiishi hivyo. Timu inaishi kwa kijiji. Uwanja ni wa kijiji. Nauli ya kwenda Vwawa kucheza inatoka majumbani. Wageni wakija, ugali wa watu 20 hausongwi na namba tisa. Ukichukua kwa wote, huwezi kukaa kikao na nusu.

Na ukitaka kujua anayelipa, fungua daftari la michango. Katibu alinifungulia mwenyewe, hakuwa na la kuficha, nadhani hata yeye hakuwahi kuliangalia kwa jicho hilo. Mwaka juzi, kahawa ilipokuwa na bei, kila nyumba ilichangia jezi mpya na mipira. Majina yamepangwa vizuri kwa mwandiko wake wa shule. Yote ya wanaume.

Niliona jina moja nikasimama. Mume wa shangazi. Amelipa mchango wote, na ada ya mwaka juu yake, na mwaka uliofuata tena amelipa.

Mume wa shangazi alifariki muda mrefu kabla ya bei ile ya kahawa.

Alikuwa kipa wa timu ujanani, kweli. Kwa hiyo kwa kipengele kile cha katiba, marehemu anatimiza masharti yote: aliichezea timu, na ada yake imelipwa. Ni mwanachama halali. Aliyevuna kahawa, akaiuza, akapeleka noti kwa katibu kwa mkono wake, huyo si mwanachama.

“Tumezoea kuandika kwa jina la mji,” katibu akasema, sauti imeshuka. Kisha akafunga daftari taratibu.

Wanaume niliozungumza nao siku zile hawakuwa na roho mbaya. Mmoja aliogopa wanawake watachangia kelele vikao visiishe. Nikamkumbusha kikao cha mwaka fulani kilichovunjika kwa ngumi, na hakukuwa na mwanamke ndani. Mwingine aliniambia ukweli mtupu zaidi: timu ya mabinti imeanza, wanafanya mazoezi kwenye kipande cha pembeni chenye mteremko, na wakina mama wakipewa kura, jambo la kwanza watakaloomba ni mabinti wapewe uwanja wenyewe siku mbili kwa wiki. Na mgawo wa mipira.

Huyo ndiye niliyemwamini. Hapo ndipo penyewe. Kiti kwenye benchi hakimuumizi mtu. Uwanja ni mmoja, mipira ni minne, na wenye kura ndio wanaogawa.

Hata kwenye kilabu, namaanisha kile cha pombe, maana Kiswahili chetu kimefanya klabu na kilabu ndugu, mambo ni tofauti. Pale komoni inapikwa na mama, inauzwa na mama, na fedha anahesabu mama. Mlevi akileta fujo anatolewa na mama huyo huyo. Hakuna mwanaume wa Iyula aliyewahi kuniambia mwanamke hawezi kuendesha kilabu.

*Kipengele kipya*

Nilichapa katiba kwenye duka la steshenari Vwawa. Kiswahili nimenyoosha kama nilivyoombwa. Kipengele cha uanachama nimekiandika mara mbili, kimoja chini ya kingine, wachague. Cha kwanza ni kile cha katibu. Cha pili kinasema mwanachama ni mkazi yeyote wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, aliyelipa ada, na risiti iandikwe jina la aliyetoa fedha. Hayo ya risiti aliyataka shangazi. Mimi niliona yanatosha bila hayo, akanitazama, nikayaandika.

Katibu amekubali vyote viwili visomwe. Kwake hilo si dogo, na namheshimu kwa hilo. Ila hakuondoa kipengele cha mwisho: katiba itapitishwa kwa kura ya theluthi mbili ya majina yaliyomo daftarini. Majina yapo 36. Zinahitajika 24.

Kikao ni Jumapili, kahawa ikishaisha vichanjani. Shangazi hataruhusiwa kupiga kura siku hiyo, kwa sababu bado si mwanachama, na hatakuwa mwanachama mpaka watu ambao ni wanachama waseme ndiyo. Nilipomweleza hilo hakushangaa. Alikuwa ameshaanza kazi. Amepita nyumba kwa nyumba jioni, kwa kisingizio cha kurudisha jezi, na kila nyumba amezungumza na mama mwenye nyumba kwanza.

Juzi amenipigia simu.

“Ninao 19,” akasema.

Nikamwambia bado watano.

“Wanne,” akasema. “Umemsahau marehemu.”